Watoto 48, lugha nne, mwalimu mmoja: mradi wa chumvi katika darasa la awali

SWALI: Nafundisha darasa la awali katika kijiji cha pwani, mkoa wa Lindi. Nina watoto 48 na niko peke yangu. Wapo wanaoongea Kimwera nyumbani, wapo Wamakonde, wapo wa Kiswahili tupu, na mwaka huu nimepokea watoto wanne wa wafugaji wa Kisukuma ambao Kiswahili bado hawajakishika. Mtoto mmoja hasikii vizuri, na binti mmoja miguu haina nguvu, hutambaa. Kwenye semina tuliambiwa tufundishe kwa miradi, watoto wajifunze kwa kutenda. Nimejaribu mara mbili, kupanda mbegu na kufinyanga. Mara zote watoto watatu au wanne ndio wanafanya, waliobaki wanatazama au wanasukumana, mwisho ni fujo. Hela ya vifaa sina. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, anza kwa kuhesabu mikono. Siku ile ya mbegu, bila shaka kila kikundi kilikuwa na kopo moja la udongo. Kutia mbegu kwenye kopo ni kazi ya dakika mbili, tena ya mkono mmoja. Ukiwapa watoto wanane kazi ya mkono mmoja, ataifanya mwepesi wa kunyoosha mkono, na hao ndio watatu wanne unaowaona kila mara. Waliobaki hawakukosa adabu, walikosa cha kushika. Kufinyanga nako kuna mtego wake. Tonge la udongo kila mtoto analo, lakini kama wote 48 wanaugusa udongo darasani kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, wote wanakuhitaji wewe kwa wakati mmoja. Huyu maji yamezidi, yule chungu kimempasukia, mwingine ameshampaka jirani.

Kwa hiyo chagua kazi inayogawanyika, ambayo mtoto mmoja hawezi kuimaliza hata akitaka. Halafu, na hapa ndipo walimu wengi wanapojikwaa, weka kazi mpya moja tu kwa siku, kwa kikundi kimoja kwa wakati mmoja, wewe ukiwa umekaa nao chini. Vikundi vingine viwe kwenye kona za ujifunzaji, kwenye kazi walizozizoea kiasi kwamba wanazifanya hata ukiwa umewapa mgongo: kupanga vifuniko vya soda kwa rangi, kujenga kwa vipande vya mbao, kuchora, kucheza duka. Kona hizo ndizo zinakununulia dakika 20 za kukaa na watoto wanane. Kama bado hazijatulia, usianze mradi wowote. Tumia wiki mbili kuzizoesha, kona moja mpya kila baada ya siku mbili, mpaka uone watoto wanamaliza, wanarudisha vitu mahali pake na kuanza tena bila kukuita. Ni wiki mbili ambazo utaona kama hufundishi kitu, lakini mradi wote unasimama juu yake.

Watoto 48 wagawe vikundi sita vya wanane. Usiwagawe kwa uwezo, na usiwagawe kwa lugha. Kila kikundi kiwe na mtoto mmoja au wawili wanaokielewa Kiswahili vizuri na pia wanakijua Kimwera au Kimakonde. Watoto wanne wa Kisukuma wagawe wawili wawili. Ukimweka mmoja peke yake atanyamaza mwezi mzima, ukiwaweka wanne pamoja watakuwa kijiji ndani ya kijiji.

Sasa mada. Katika darasa kama lako, mada iwe kitu ambacho kila nyumba ina la kusema juu yake. Mbegu ziliwabeba watoto wa wakulima, wengine wakawa wageni. Kwenye pwani ya Lindi kipo kitu kinachoingia kila nyumba na malighafi yake haiuzwi: chumvi. Mtoto wa mvuvi ameona ng'onda na papa wakitiwa chumvi na kuanikwa. Mtoto ambaye mama yake anafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi anajua reki na malundo meupe. Mtoto wa Kisukuma anajua jambo ambalo wenzake hawalijui kabisa, kwamba ng'ombe huilamba chumvi na mfugaji huwawekea kwa makusudi. Asiye na lolote katika hayo amekula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Na ndani yake kuna maswali ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuyajibu kwa mikono yake mwenyewe: chumvi iko wapi ndani ya maji, mbona haionekani? Maji yakikauka yanakwenda wapi?

Neno "mradi" litakuletea utata, ni vizuri ulimalize mapema. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mradi wa shule kwa wazazi na kwa walimu wakuu wengi ni kuku, bustani ya mchicha au mikorosho, yaani kitu cha kuuzwa. Mradi wa kujifunzia ni ule alioueleza mwanaelimu Mmarekani William Heard Kilpatrick mwaka 1918, shughuli yenye kusudi ambayo mtoto anaifanya kwa moyo wote. Mweleze mwalimu mkuu kwamba watoto watakausha maji ya bahari juani kwenye trei, wapate chumvi kiasi kisichojaza hata kikombe cha chai, na hakuna kitakachouzwa. La sivyo, siku ya mwisho ataulizia mapato.

Wakati wa mradi huu ni Julai hadi Septemba, shule zikishafunguliwa. Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na trei ya maji ya bahari ikinyeshewa mara moja kazi ya siku tatu inarudi mwanzo. Kiangazi ndicho msimu wa mashamba ya chumvi pia, kwa hiyo mzazi utakayemwalika atakuwa na cha kuonyesha. Tena hautaingiliana na jando na unyago, ambavyo kwa kawaida huangukia likizo za Juni na Desemba. Ruhusu tu wiki moja baada ya shule kufunguliwa, maana wapo watakaochelewa kurudi.

Vifaa. Tafuta madumu manne ya plastiki ya lita 20 yaliyochakaa. Yakate katikati kwa urefu upate trei nane, kisha lainisha kingo kwa kisu cha moto au zifunge kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kwa sababu plastiki iliyokatwa huchana mkono vibaya. Dumu lililobeba mafuta ya kula lioshe kwa sabuni na majivu mpaka utelezi uishe, maana utando wa mafuta juu ya maji huchelewesha kukauka. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mikorosho usilitumie hata likioshwa mara kumi. Masinia ya bati hayafai, maji ya bahari yatayatia kutu na chumvi itatoka na rangi ya matofali.

Chukua pia chupa nane tupu za maji za nusu lita na uzikate ziwe vikombe. Jaza maji chupa nyingine nzima ya nusu lita, igawe sawasawa kwenye vikombe vinne, na chora mstari maji yalipofika. Fanya hivyo tena kwa vinne vilivyobaki. Kila mstari ni mililita 125, na vikombe vinane ni lita moja kamili. Namba hii nimeipanga kwa ajili ya kikundi chako cha wanane: kila mtoto akimimina kikombe chake kimoja, trei inapata lita moja, ambayo katika nusu dumu lililolazwa ni kina cha kama sentimita moja. Mmoja asipomimina, inajulikana.

Ongeza kanga moja kuukuu, beseni, chelewa za fagio, karatasi la manila, gundi au ugali mwepesi wa kubandikia, na kibuyu chirizi chenye maji yasiyo na chumvi karibu na kazi kwa ajili ya kunawa. Maji ya bahari yakiingia jichoni yanawasha, na mtoto mwenye kidonda mkononi atalia. Kagua mikono kabla, mwenye kidonda apewe kifuu chenye mpini badala ya kuchovya mkono.

Maji ya bahari unahitaji lita kumi, sita kwa vikundi na nyingine za akiba. Usiwapeleke watoto 48 ufukweni peke yako. Kama wazazi watajitokeza, mtu mzima mmoja kwa watoto watano, na mwende maji yakiwa yanakupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita tatu, na fungu la mchanga lililokuwa kavu huzungukwa na maji haraka. Wasipojitokeza, mtu mmoja mwenye baiskeli alete dumu, watoto walipokee. Mahali pa kuchota pana maana kubwa. Maji yaliyochotwa karibu na mdomo wa mto yana chumvi kidogo, na Ghuba ya Lindi inapokea maji ya Mto Lukuledi, kwa hiyo chota mbali na mto, na mbali na mitaro ya makazi. Lita moja ya maji ya bahari wazi ina kama gramu 35 za chumvichumvi zote kwa pamoja, sawa na vijiko viwili vya mezani. Ukipata nusu kijiko, sababu ni maji uliyochota, jua halina kosa.

Siku tatu za kwanza msiguse bahari. Kaa na kikundi kimoja baada ya kingine, viwili kwa siku, mkiwa na chumvi ya dukani, chumvi ya mawe kama inapatikana, kipande cha ng'onda na embe bichi au limau. Washike, wanuse, waonje kwa ncha ya ulimi. Kisha mpe kila mtoto karatasi achore jibu la swali moja: chumvi inatoka wapi? Wengi watachora duka. Usisahihishe. Andika jina na tarehe nyuma ya mchoro na uweke kabatini, utazihitaji karatasi hizo mwishoni.

Siku ya nne hadi ya sita ni kuchuja na kumimina, tena vikundi viwili kwa siku, na hapa ndipo utaona fujo inavyokufa. Kuchuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili kunataka watoto wanane kwa hesabu: wanne wanashika pembe nne, wawili wanashika beseni chini, mmoja anamimina polepole, mmoja anahesabu kwa sauti. Mmoja akiachia pembe, maji yanamwagika na wenzake ndio watakaomwambia, huna haja ya kusema neno. Fanyeni mara nne kwa mililita 250, mkibadilishana nafasi kila mara. Kisha kila mtoto anachota kikombe chake hadi kwenye mstari na kumimina kwenye trei ya kikundi. Kwa kuwa vikundi vinaanza siku tofauti, trei zitakuwa katika hatua tofauti, na kikundi cha mwisho kitaona kwa jirani kitakachotokea kwake. Hilo lisikusumbue, lina faida kubwa ya mazungumzo.

Trei mbili zilizobaki ni za kulinganisha. Moja tia lita moja ya maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, nyingine lita moja ya maji matamu yaliyokorogwa na vijiko viwili vya mezani vya chumvi ya dukani. Maji matamu hapa lazima yawe ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya pwani vina chumvi kidogo, na trei ya kisima ikikauka na kuacha utepe mweupe utabaki unahangaika kueleza. Na pembeni weka kopo refu jembamba lenye lita moja ya maji ya bahari, lisimame juani pamoja na trei. Trei itakauka, kopo litaonekana kama halijaguswa, ingawa maji yalikuwa sawa. Watoto watagundua wenyewe kwamba maji yaliyotandazwa hukauka upesi, na hapo wameshaelewa kwa nini mashamba ya chumvi ni mapana na hayana kina.

Kila asubuhi saa tatu mtoto mmoja wa kila kikundi anasimamisha kijiti cha chelewa katikati ya trei, anakitoa na kukivunja pale unyevu ulipoishia. Kijiti kinabandikwa kwenye manila, siku kwa siku, kikisimama kutoka mstari mmoja wa chini. Kipande cha kwanza ni kama upana wa kidole, cha mwisho hakifiki upana wa punje ya mchele. Hiyo ni grafu, na hakuna mtoto aliyehitaji kujua namba kuisoma. Kwa jua la Agosti, kina cha sentimita moja hukauka kwa siku mbili hadi nne.

Wakikuuliza maji yamekwenda wapi, usikimbilie neno mvuke. Wachovye kiganja kwenye maji, wakipige kwenye ukuta uliopigwa jua, watazame alama yake inavyofifia. Rudieni mara tatu. Baada ya hapo neno mvuke lina mahali pa kukaa.

Yatakayokwenda mrama. Mbuzi ni wa kwanza. Akigundua chumvi hataondoka, na uzio wa matawi hautamzuia. Jioni trei ziingie ndani, zibebwe na wewe na mtu mzima mwingine, zisiachwe nje pia kwa ajili ya umande. Vumbi ni la pili, usiweke trei kwenye njia ya kupita. La tatu linawashangaza hata walimu: siku ya mwisho chini kuna chembe nyeupe lakini juu yake kumebaki maji mazito, kidogo, ambayo hayataki kukauka hata kwa jua la siku mbili. Hayo ni maji machungu, yenye madini ya magnesi, ambayo huvuta unyevu wa hewa. Kwenye mashamba ya chumvi huyamwaga kabla ya kuvuna. Inamisha trei, yamwage, kisha acha chembe zikauke. Usipoyamwaga chumvi itakuwa chungu na itabaki na unyevu. Utaona pia unga mwembamba mweupe uliotangulia kutua kabla ya chembe zenye pembe nne. Huo ni jasi, si uchafu.

Jambo la usalama ambalo sitaki ulipite haraka: chumvi hii haina madini joto, na haijapimwa. Isiingie kwenye uji wa shule wala isipelekwe nyumbani kupikia. Kuonja ni ncha ya kidole mara moja, chini ya macho yako. Kijiko kizima cha mezani cha chumvi kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo, na katika watoto 48 yupo mmoja anayependa kuilamba. Mavuno yafungwe na wewe, yawekwe juu.

Wiki ya tatu tumieni chumvi kujibu maswali mengine. Kata tango vipande, vingine nyunyiza chumvi, vingine acha. Ndani ya dakika 20 vyenye chumvi vimelowa maji yaliyotoka ndani, na mtoto wa mvuvi atawaeleza wenzake kwa nini ng'onda haiozi upesi. Siku nyingine chukua kipande cha kiazi mviringo kwenye nusu lita ya maji matamu, kitazama. Ongezeni chumvi kijiko kimoja kimoja cha mezani mkikoroga mpaka iyeyuke; kwa kawaida kati ya kijiko cha tatu na cha tano kiazi kinapanda. Walimu hupenda kutumia yai, lakini yai lililokaa sana huelea hata kwenye maji matamu na somo linaharibika.

Waalike wazazi wawili, kila mmoja siku yake, kwa dakika 15 tu. Mmoja wa mashamba ya chumvi aje na reki yake. Mwingine awe mfugaji, baba au mama wa mmoja wa wale wanne, aeleze jinsi anavyowapa ng'ombe chumvi. Akieleza kwa Kisukuma mwanawe akatafsiri maneno mawili matatu, hata kwa kuonyesha, nafasi ya mtoto huyo darasani inabadilika. Msalimu mzazi huyo mbele ya watoto wote kwa heshima ileile unayompa mwenyekiti wa kijiji. Watoto wanaona.

Kuhusu lugha. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na mradi ndio njia bora ya kukipata kwa sababu neno linakuja pamoja na kitendo. Chagua maneno kumi tu na uyashikilie wiki tatu: chota, mimina, chuja, jaa, nusu, tupu, kauka, nyeupe, nzito, nyepesi. Sema neno mkono ukiwa unafanya. Usiseme "sasa tutamimina maji yetu taratibu ndani ya trei", sema "mimina", mimina, kisha nyamaza. Vitu na vitendo hivyo waulize watoto wanaviitaje nyumbani, waache wafundishane, na wewe urudie neno lao mbele yao. Ukilikosea watacheka, na kicheko hicho kina thamani, kwa maana leo mwalimu ndiye anayejifunza. Mtoto asiyejua Kiswahili anaweza kukaa kimya wiki nyingi huku anaelewa. Usimlazimishe kusema mbele ya wenzake. Mpime kwa tendo: mwambie "niletee kopo tupu" bila kuonyesha kwa kidole, uone analeta lipi. Mtoto anayejua lugha mbili atakusaidia, lakini usimgeuze mkalimani wa kutwa, akakosa kucheza. Awe na zamu kama wengine.

Mtoto asiyesikia vizuri akae mahali anapouona uso wako, na mwanga wa dirisha uangukie usoni mwako, usiwe nyuma yako. Usiongee ukiwa umeinama kwenye beseni. Chora kadi tano za hatua: kuchota, kuchuja, kumimina, kupima kwa kijiti, kusubiri jua. Zitundike kwa mfuatano na uiguse kadi kabla ya kila hatua. Umemchorea yeye, lakini utaona watoto wa Kisukuma nao wanazisoma. Ishara ya kunyamaza isiwe kupiga makofi peke yake. Nyanyua kitambaa chekundu. Na kama masikio yake hutoa usaha, zungumza na mzazi faragha waende kituo cha afya, maana usaha wa sikio hutibika na kila mwezi wa kungoja unaweza kuzidi kumpunguzia usikivu.

Binti anayetambaa asipewe kazi ya "kusimamia". Ni kosa la huruma linalofanywa mara nyingi, mtoto anaketishwa kitini anatazama mikono ya wenzake. Teremsha kazi yote chini. Kikundi chote kikae kwenye mkeka, beseni likae katikati, trei ikae juu ya matofali mawili. Hapo wote wana kimo kimoja na yeye anashika pembe ya kanga kama mwenzake. Safari ya ufukweni, kama ipo, aende kwa baiskeli ya mzazi. Kama hawezi kwenda, basi bahari ije kwenye dumu kwa wote.

Angalia pia nani anapewa nini bila wewe kukusudia. Wavulana hukimbilia habari za bahari, wasichana huachiwa kuosha vikombe. Zamu za kuosha zipangwe kwa kikundi kizima.

Tathmini usiifanye kwa mtihani. Kila siku chagua majina matano, uyaandike kwenye karatasi mfukoni, na siku hiyo watazame hao tu: anahesabu mpaka ngapi akimimina, anasubiri zamu, anatumia neno gani kati ya yale kumi, anauliza nini. Kwa siku kumi umewaona wote 48. Ukijaribu kuwaona wote kila siku utawaona walewale watatu wanne.

Kama wenzako wa bara, Nachingwea au Liwale, watataka kuiga, bahari haiko karibu nao. Wao wachukue udongo: maswali yapo (udongo upi unashikana, kwa nini chungu hupasuka) na kazi inagawanyika, kuna kuponda, kuchekecha, kukanda, kuviringisha. Wajaribu kwa kuviringisha kamba ya unene wa kidole. Ikizunguka kidole bila kukatika, udongo unafaa. Wakaushe kivulini, juani nje hukauka kabla ya ndani na ndipo nyufa zinapoanzia. Wasitumie korosho ghafi zenye ganda kuwa vitu vya kuhesabia, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi na mdomo, na mtoto wa awali ataing'ata tu.

Siku ya mwisho wape watoto karatasi nyingine na swali lilelile: chumvi inatoka wapi? Toa kabatini michoro ya kwanza, ibandike ukutani ubavuni mwa mipya, wawili wawili, bila alama za vema wala kosa. Wazazi watakaokuja watafahamu bila wewe kueleza. Bandika kwa urefu wa macho ya watoto, kama sentimita 100 kutoka sakafuni. Michoro ya binti yule iwe chini zaidi, kama sentimita 50, na michoro ya wenzake saba wa kikundi iwe hapohapo chini pamoja na yake.